Kungoja Risasi ya Pili

Sikio langu la kulia lilikufa zamani, nanyi watoto wa hapa Mitwero mnalijua hilo, ndiyo maana mnaniamkia shikamoo kwa upande huo kisha mnacheka nikichelewa kuitika marahaba. Chekeni tu, sikasiriki. Msichokijua ni kwamba nikilala, sikio hilo hufufuka. Mchana nikisinzia kwenye kiti changu cha kamba, jua likiwa limesimama juu ya bati, naisikia boliti ya bunduki ikienda nyuma taratibu, ikigusa mwisho, ikirudi mbele, ikifunga. Ndotoni hakuna mlipuko. Ni huo mwendo tu, kwenda na kurudi, na mimi nimesimama kwenye majani marefu yenye umande, nangoja. Nikiamka huwa sijui nimelala kidogo au nimelala sana.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Babu, kwani ulikuwa mwanajeshi?" Sikuwa. Nilikuwa fundi bunduki. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya wanyamapori hapa Lindi, chenye dirisha la nondo na meza iliyolowa mafuta mpaka mbao zake zikawa nyeusi. Bunduki nilizitengeneza mimi, wakazibeba wengine. Askari wa wanyamapori, ambao vijijini kila mmoja wao aliitwa Bwana Nyama, ndio waliolala porini wakilinda watu na mashamba. Mimi nililala kwangu, kwenye godoro, nikiota bunduki zao. Basi kaeni, na anayetaka kuondoka aondoke kimyakimya, kwa upande wa sikio bovu.

Kuna kitu nitawaeleza kwanza, maana bila hicho mengine hamtayapata. Bunduki za zamani zilikuwa ndefu na za kukoki kwa mkono. Ukishapiga, unavuta, unarudisha, unapiga tena. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Lindi yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kujaa sabuni za kila rangi, mitumba ikashushwa kwa marobota, na bunduki nazo zikabadilika. Tuliletewa za mtutu mfupi, zinazojikoki zenyewe. Askari walizipenda, kwa sababu kwenye vichaka vya Kilwa ya ndani bunduki ndefu hunasa kwenye matawi wakati ule ule unapotaka kugeuka. Fupi inageuka nawe.

Ila kufupisha mtutu ni kumkorofisha aliyemo ndani. Risasi ikitoka, nguvu ya moshi wa baruti husukuma boliti nyuma. Boliti inalitupa ganda lililotumika, inagandamiza springi iliyo ndani ya kitako, kisha springi inairudisha mbele ikiwa imebeba risasi nyingine. Hapo bunduki imejikoki bila mkono. Mtutu ukiwa mfupi, ule moshi unaisukuma boliti mapema na kwa pupa. Inakimbia nyuma, inarudi mbele kabla magazini, kile kikasha cha risasi, haijainua risasi inayofuata. Inafunga juu ya hewa. Ukivuta kifyatuo mara ya pili unasikia kijisauti kimoja kidogo, halafu basi. Dawa yake ni kuweka uzito nyuma ya boliti, kipande cha chuma kinachokaa kitakoni mbele ya springi, ili ichelewe kidogo. Sisi karakana tulikiita mzigo. Ukiwa mwepesi, boliti inapaparika. Ukiwa mzito mno, haifiki mwisho, inarudia njiani. Kuupata ulio sawa kwa bunduki hii, kwa risasi hizi, ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na sidhani kama mke wangu aliwahi kuielewa hata siku moja.

Aliyenifundisha ni Mzee Benedikti, Mmakonde wa uwandani, mrefu, mwenye chale usoni na rozari mfukoni pamoja na bisibisi. Hakuwahi kunifundisha kwa mdomo mrefu. Alinipeleka kwenye korongo la shamba la mkonge lililoachwa, nje ya mji, akanipa bunduki na kuniambia nifumbe macho.

"Piga. Halafu unsikilize," alisema. Mzee Benedikti aliita kila bunduki kama anamwita mtu.

Nikapiga.

"Unnsikia nini?"

"Nimesikia mlio, mzee."

"Nlio hata mbuzi anausikia. Nakuuliza baada ya nlio."

Ilinichukua muda mrefu kusikia kilichokuwa baada ya mlio. Kwanza nilisikia masikio yangu yenyewe yakilia. Baadaye sana, siku moja ya upepo mkavu, nikasikia boliti ikienda na kurudi, na nikajua kwamba safari ile ina urefu. Ipo inayokwenda kwa hofu. Ipo inayokwenda kwa uvivu. Na ipo inayokwenda kama mtu anayetoka msikitini, hana haraka wala hajachelewa. Nilipomwambia hivyo Mzee Benedikti alicheka, akasema yeye kwao wanatoka kanisani, lakini mwendo ni huo huo.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutazama maganda. Alichora mstari mchangani kwa kisigino, akanisimamisha hapo. Ganda likirukia mbele ya bega lako, boliti ina haraka, ongeza mzigo. Likianguka nyuma ya kisigino, imechoka, punguza. Likitua ubavuni, nyuma kidogo tu, hapo mwache alivyo. Mzigo wenyewe hatukuwa nao wa dukani. Tuliutengeneza kwa vipande vya chuma tulivyochongesha kwa mtu wa mashine ya kerezo, na tukiwa na shida tulikata chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu, tukazipiga tupa mpaka zikaingia ndani ya kipande kilichotobolewa. Mvuvi mmoja jirani yetu aliamini kabisa kwamba ofisi ya wanyamapori imeanza kuvua kwa siri.

Wala msidhani ilikuwa kazi ya huzuni. Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyetoka Dar, amevaa suti ya Kaunda imepigwa pasi mpaka inakata, akataka kushuhudia majaribio. Mzee Benedikti akamwomba asimame nyuma ya mstari. Yeye akasogea mbele, aone vizuri. Ganda la kwanza, moto moto, likaingia kwenye kola na kushuka moja kwa moja tumboni. Mkubwa yule alicheza pale korongoni ngoma ambayo sijaiona tena, si kwetu wala uwandani. Alipotulia, Mzee Benedikti aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Limerukia mbele. Ongeza nzigo."

Sasa niwaambie habari za Athumani.

Athumani mnamfahamu, ni yule mzee wa nyumba ya pili, aliyeoa mdogo wangu Somoe. Ni Mmatumbi wa Njinjo. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba, mkimya, Bwana Nyama ambaye watu wa bara walimpenda kwa sababu hakudai kuku kila afikapo. Somoe alimpata akiwa tayari ameshafiwa. Mume wake wa kwanza alichukuliwa na homa, hata mwaka wa ndoa haukutimia, na mdogo wangu akakaa eda akiwa bado ana hina mikononi. Nilimwona siku ile akiikwangua hina kwa jiwe la kusugulia miguu. Kwa hiyo alipokuja Athumani, nyumba yetu nzima ilifurahi kwa kunong'ona, kama watu wanaoogopa kuamsha kitu.

Kila Athumani alipokwenda porini, Somoe alimkamulia mafuta ya nazi. Alikuna nazi mwenyewe, akachuja tui, akalichemsha polepole mpaka mafuta yakajitenga, akayatia kwenye chupa yenye kizibo cha gunzi. Ya kupaka mwilini na kichwani, maana pori linakausha ngozi. Nyumba yote ilinukia wali wa nazi. Ukipita nje ungejua Athumani anasafiri.

Mwaka ninaousema kulikuwa na simba Likawage. Watu wa kule wanalinda mashamba yao juu ya madungu, vile vichanja vya miti, wanafukuza nguruwe wasile mahindi. Yule simba alijifunza kwamba juu ya dungu kuna mtu aliyesinzia. Alikwisha chukua watu, na wengine wakaanza kuacha mashamba yao yaliwe. Athumani akapelekwa, na bunduki fupi niliyoitengeneza mimi.

Alirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Aliingia karakana, akaiweka bunduki mezani, akakaa kwenye kopo la rangi bila kusalimia.

"Shemeji," nikamwambia, "vipi?"

"Nilimwona alfajiri. Nikapiga ya kwanza, ikampita juu. Ya pili haikuingia."

"Haikuingia vipi?"

"Ilifunga tupu. Nimevuta, kimya. Yeye akasimama ananitazama. Shemeji, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Halafu akageuka akaondoka."

Nikaichukua ile bunduki mezani.

Tukaenda korongoni, saa za jua kali. Nikapiga risasi za kutosha. Maganda yalitua ubavuni, nyuma kidogo, moja juu ya jingine. Boliti ilikwenda na kurudi kwa mwendo ule wa mtu anayetoka msikitini. Haikukosea hata mara moja. Nikadhani tatizo ni risasi, kwa sababu enzi zile hazikutoka tena ghala moja, wafanyabiashara walileta za huku na huku na kila sanduku lilikuwa na tabia yake. Nikapunguza mzigo kidogo ili hata risasi dhaifu iweze kuisukuma. Nikajaribu tena, safi. Athumani akarudi Likawage.

Habari ikaja na dereva wa lori la wanunuzi wa ufuta. Bwana Nyama anasema bunduki imekwama tena. Safari hii hakuwa na simba mbele yake, alipiga alfajiri kujaribu tu, na ya pili ikagoma. Akairudisha kwa lori lile lile. Nikaipeleka korongoni adhuhuri, nayo ikaimba. Nikaongeza mzigo, nikapunguza, nikaongeza. Nilianza kuiota. Nilikuwa nikila, nasikia boliti. Nikisujudu, naisikia. Nikajiona nasimama nyuma ya Athumani kwenye ukungu, namhesabia, na ya pili haiji.

Somoe alikuja karakana, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kufika. Alisimama mlangoni, kanga ameibana kwa mkono mmoja.

"Kaka, nimesikia bunduki yake mbovu."

"Si mbovu, Somoe. Ina jambo."

"Mimi sijui mambo ya bunduki. Nakwambia kitu kimoja tu." Akatazama nondo za dirisha. "Sitaki kukaa eda mara ya pili. Nimekwambia wewe, kwa sababu kumwambia yeye ni kumtia mkosi."

Akaondoka. Mzee Benedikti alikuwa pembeni anasugua mtutu kwa kitambaa. Akasema, "Bunduki hii haiumwi hapa. Inaumwa kule. Wewe unampima ngonjwa akiwa mzima. Nenda ukalale naye."

Ndivyo nilivyosafiri nikiwa juu ya magunia matupu ya ufuta, bunduki ikiwa imefungwa kwenye blanketi mapajani. Njia ya Njinjo ilikuwa vumbi jekundu, na nyuma yetu lilining'inia hewani bila kushuka, kiasi kwamba tulipopinda niliona tulikotoka pote pamefutika. Njinjo tulikula ugali na kisamvu kwa mama yake Athumani, bibi mdogo mwenye macho ya kucheka. Hakuniuliza chochote kuhusu mwanawe. Alinifungia kisamvu kingine kwenye jani, akasema, "Nkampe."

Likawage ilikuwa kipupwe. Sisi wa pwani hatujui baridi, tunaisimulia tu. Kule bara, kipupwe kikikolea, asubuhi ukungu unalala kwenye mashamba mpaka madungu yanaonekana yanaelea bila miguu. Watu wanatembea wamejifunika shuka, huoni nyuso, unasikia tu salamu zikitoka ndani ya weupe. Nilimkabidhi Athumani bunduki yake jioni, tukalala kwenye kibanda alichopewa na mwenyekiti wa kijiji. Sikuigusa. Nilitaka aishughulikie yeye kama siku zote.

Alfajiri nikamwambia anipe. Nikavuta boliti kwa mkono ili niisikie. Ilikuja kwa shida, nzito, ikinyonyanyonya, kama mguu unaotoka kwenye tope. Haikuwa bunduki niliyoisafirisha. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikafungua kitako, nikatoa springi, nikauchomoa ule mzigo wangu niliouchonga kwa tupa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Ulikuwa umevaa nguo nyeupe. Springi nzima ilikuwa nyeupe katikati ya mizunguko yake. Nikapitisha kidole, kikateleza, nikakinusa.

Wanangu, porini kule, kwenye baridi na habari za simba, bunduki ya serikali ilinukia wali wa Idi.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Athumani hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu akatazama ule weupe kama amemfumania mtu anayemjua.

"Mafuta ya Somoe ndiyo unayopaka?"

"Ndiyo, shemeji."

"Kila ukifika huku?"

"Kila nikifika. Ya karakana nayafuta yote, yananuka mafuta ya taa. Wanyama wanaijua ile harufu. Wazee wetu wawindaji hawakubali bunduki inuke harufu ya dukani. Na pia…"

"Na pia nini?"

"Nikilala nayo karibu, nanusa nyumbani."

Basi ndicho kilichokuwa. Lindi kuna joto mwaka mzima, mafuta ya nazi yanatiririka kama maji, na kabla hajaileta karakana alikuwa anaipangusa ili nisimgombeze. Nami naiosha kabla ya kuijaribu. Huku bara, kipupwe kikiingia, mafuta yanaganda alfajiri na kushika boliti ndani ya kitako. Risasi ya kwanza inatoka, maana hiyo umeikoki mwenyewe kwa mkono. Boliti inarudi nyuma nusu safari, inachoka, inarudi tupu. Jua likipanda, yanayeyuka, bunduki inapona. Nilikuwa nimeongeza na kupunguza mzigo wangu juu ya mzigo ambao mdogo wangu alikuwa ameutia bila kujua.

Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikapaka yangu membamba, kidogo sana. Nikamwambia hata mwilini asipake, hata kiganjani, kwa sababu kiganja ndicho kinachoshika bunduki.

"Simba atainusa," akasema.

"Acha ainuse."

"Na Somoe? Tukimwambia mafuta yake ndiyo yalitaka kuniua?"

Tukatazamana. Sote wawili tulimwona akikwangua hina. Mimi nilimwona kweli, yeye alisimuliwa.

"Hatumwambii," nikasema.

"Hatumwambii," akaitikia.

Simba hakuja siku ile, alikuja alfajiri iliyofuata. Mwanamke mmoja alimwona pembezoni mwa shamba lake la mahindi akapiga yowe, na Athumani akaenda peke yake, kwa sababu ukungu ulikuwa mzito na hakutaka mtu mwingine mbele ya mtutu. Nilibaki mlangoni pa kibanda pamoja na mwenyekiti na watu waliojifunika mashuka. Sikuona kitu. Palikuwa na weupe, na ndani ya weupe, mahali fulani, shemeji yangu.

Nikasikia risasi ya kwanza.

Kisha ikawa kimya. Nimeishi miaka mingi, nimezaa, nimezika, na bado naweza kuwaambia kwamba sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu kama nilivyokaa ndani ya ukimya ule. Umande ulidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Jogoo mmoja aliwika akakatisha. Niliona sebule ya nyumba yetu, mkeka umetandikwa, wanawake wanaingia mmoja mmoja, Somoe ameketi kwenye kona ile ile. Mwenyekiti alianza kusoma kitu midomoni. Nilifumba macho, nikafanya alichonifundisha Mzee Benedikti, nikasikiliza baada ya mlio. Nikasema moyoni, nenda mpaka mwisho, gusa, rudi, usiogope, usichelewe. Naapa nilisikia ikifunga, ingawa haiwezekani, palikuwa mbali.

Ikalia ya pili.

Nikakaa chini kwenye majivu ya moto wa jana. Watu walikimbia mbele, mimi sikuweza. Baadaye Athumani alinieleza kwamba ya kwanza ilimpiga simba begani, akageuka na kumjia, na yeye akangoja mpaka alipoinamisha kichwa. Alingoja, akasema, kwa sababu alijua ipo. Simba yule alikuwa mzee, mguu mmoja umepinda, meno yamekatika. Walipomleta kijijini, watu hawakushangilia kama nilivyotegemea. Walimzunguka, na mama mmoja akamwuliza yule simba kwa sauti ya kawaida kabisa mwanawe yuko wapi.

Athumani aliendelea kuwa Bwana Nyama mpaka akastaafu. Kila safari Somoe alimkamulia mafuta, na kila safari Athumani aliirudisha chupa ikiwa imejaa. Hakuweza kuyamwaga, wala kumpa mtu. Aliniambia, "Kazi ya mikono yake, nimwage?" Akairudisha tu, akaiweka kwenye kabati la vyombo, na Somoe akaitoa bila kusema kitu. Baadaye akaacha kukamua. Nyumba ile ikaacha kunukia anaposafiri. Mimi nililiona hilo, nikadhani ni uzee unakuja, watu wanapunguza mambo.

Mzee Benedikti amekwisha lala, Mungu amrehemu, kule kwao uwandani. Athumani sasa magoti yanamsumbua. Na kipupwe hiki, hata huku pwani, asubuhi moja kulikuwa na baridi ambayo siikumbuki Mitwero. Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta uani kwenye mkeka, amenyoosha miguu juani, na Somoe ameleta chupa ya mafuta amchue. Akaigeuza, hayakutoka. Akaitikisa.

"Yameganda," akasema. "Tazama mambo haya. Mafuta ya nazi kuganda Lindi."

Nilimtazama Athumani, naye akanitazama. Mabega yake yalianza kucheza. Mimi nikaziba mdomo, lakini wapi. Tulicheka wazee wawili mpaka machozi, mpaka akashika ubavu.

Somoe hakucheka. Aliiweka chupa kwapani kuipasha joto, akatutazama kwa zamu. "Mnacheka mafuta yangu?"

"Hatucheki, mke wangu."

"Mafuta yangu ulishayacheka siku nyingi. Chupa ilikwenda Likawage imejaa, ikarudi imejaa. Nikajua kuna mwanamke huko anayekupaka ya kwake." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kununua. "Sikukuuliza. Nilisema, bora arudi. Hata akirudi na harufu ya mtu mwingine, bora arudi mzima."

Kicheko kilikufa hapo hapo. Basi nikamweleza mimi, yote, kuanzia korongoni mpaka ule weupe kwenye springi na ukimya wa katikati. Nilieleza vibaya, kwa kurudia rudia, nikisema "siku ile" pasipo kusema siku gani. Somoe alisikiliza akiwa na chupa kwapani. Niliposema kwamba Athumani alipaka ili alale akinusa nyumbani, aligeuza uso upande wa ukuta wa makuti, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Basi nimemchukia bunduki miaka yote hii," akasema.

"Ndiye huyo," nikasema.

"Alikuwa mzuri?"

Athumani akakohoa. "Mfupi. Mweusi. Ana kelele."

Akacheka sasa, mdogo wangu, kicheko cha msichana ambacho sikuwa nimekisikia tangu hina ile. Akaitoa chupa, akaigeuza, mafuta yakashuka kwenye kiganja chake. Akaanza kumchua magoti, taratibu, kwenda na kurudi, na ua mzima ukanukia wali.

"Mngeniambia," akasema bila kuinua macho. "Ningekukamulia ya ufuta. Ya ufuta hayagandi."

Nikaegemea nguzo, jua likanipata usoni, nikafumba macho. Kwa upande wa sikio bovu nikaisikia boliti ikirudi mbele na kufunga, na kwa mara ya kwanza sikuwa nangoja kitu.